Vile mnaweza kuanzisha ukumbi wenu wa panki hapa Nakuru kwa kufuata njia ya Gilman

Kama uko Nakuru na una bendi, ama mko watatu wanne mnapiga gita kwa bedsita ya Kaptembwo mpaka jirani anagonga ukuta, hii nimekuandikia wewe. Naandika vile sisi tulianzisha chumba chetu cha shoo za Jumamosi mchana, chumba hakuna pombe, hakuna mdhamini, hakuna promota, na nitasema pia hiyo akili tuliitoa wapi juu si sisi tuliibuni. Tuliitoa kwa ukumbi wa panki ulio kwa godauni moja huko Berkeley, California, namba 924 barabara ya Gilman. Na nikisema panki namaanisha muziki, ule wa gita za haraka na kelele, si ile ya kinyozi.

Mimi Gilman niliijua kupitia kaseti. Miaka ya tisini binamu yangu alikuja kwetu Section 58 na kaseti ya Green Day, bendi ya panki ya huko California, ilikuwa imerekodiwa juu ya kwaya, ukifika mwisho wa upande wa pili gita zinakatika na kwaya inarudi katikati ya ubeti. Hiyo albamu, Dookie, ilitoka Februari 1994, na wakati huo redio ilikuwa KBC, stesheni za FM za watu binafsi zilianza 1996 huko Nairobi, kwa hivyo kaseti ya binamu ndio ilikuwa redio yetu. Miaka mingi baadaye ndio nikaja kujua hao vijana wa Green Day walikuwa wamefungiwa nje na ukumbi uliowalea. Walicheza hapo mara ya kwanza 1988, Billie Joe Armstrong akiwa na miaka 16, bendi bado inaitwa Sweet Children, halafu 1993 wakasaini na lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya kurekodi muziki, na ukumbi ukawaambia sheria mnaijua, bendi ya lebo kubwa hapa haipandi. Hiyo kitu ilinikaa kichwani. Ni ukumbi gani unaweza kuambia bendi inayojaza viwanja hapana? Nikaanza kusoma na kuuliza na mwishowe nikaelewa, haukuwa ukumbi vile sisi tunajua kumbi, kulikuwa ni chama. Chama kabisa, kama kile mama yako anaenda kila mwezi, kuna kadi, kuna mkutano, kuna kura.

Kwa hivyo anza na chama, usianze na spika. Nimeona vikundi vitatu hapa mjini vimenunua mikisa na spika kwa mkopo halafu baada ya miezi sita vyombo vimegawanywa na watu hawasalimiani, juu hakuna mtu alikuwa amekubaliana na mwenzake nani anabeba, nani anaweka pesa, nani anasema leo tumefunga.

Gilman ilifunguliwa usiku wa 31 Desemba 1986. Tim Yohannan na wenzake wa jarida la panki la Maximum Rocknroll ndio walisaidia kuisimamisha, na kazi yote ilikuwa ya kujitolea, mlangoni, kwa sauti, kufagia, kila kitu. Kuingia ulikuwa unanunua kadi ya dola 2 ya mwaka mzima, na hiyo kadi ndio inakufanya memba, unakuja mkutano unapiga kura sawa na yule aliyeanza. Halafu sheria zimeandikwa hapo kwa ukuta unapoingia, hakuna pombe, hakuna dawa za kulevya, hakuna vita, hakuna ubaguzi wa rangi, hakuna kudharau wanawake, hakuna chuki kwa mashoga. Maneno machache, mtoto wa miaka kumi na tatu anasoma anaelewa.

Sisi tulikuwa tisa na tulikutana Nyayo Gardens, chini kwa nyasi, Jumapili tatu mfululizo kabla hatujaenda kutafuta nyumba. Jumapili ya kwanza ilikuwa ya sheria tu. Sheria yetu namba moja si pombe, ni ukabila. Hapa sitapitia haraka. Mtu wa Nakuru wa umri wangu anakumbuka Januari 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, anakumbuka nani alihama estate gani usiku na nani hakurudi, na kabla ya hiyo kulikuwa na mambo ya 1992 huko Molo, na watoto wetu wamekulia kwa huo ukimya wa wazazi. Wale wa Berkeley waliandika ubaguzi wa rangi kwa ukuta wao juu hicho ndicho kidonda chao. Yenu itafuteni hapo mnaishi. Kwetu ukutani imeandikwa kwa rangi nyeusi, HAPA HAKUNA UKABILA, na maana yake ni kwamba wimbo wa kucheka jamii ya mtu haupigwi, utani wa jina la mtu haupigwi kwa maiki, na kama bendi imetoka Kisumu inaimba Kijaluo na nyingine imetoka Eldoret inaimba Kinandi, zote zinapata dakika ishirini na tano sawasawa. Bendi moja tuliisimamisha katikati ya wimbo wa pili. Ilikuwa ngumu, mwimbaji ni rafiki yangu, lakini yule dada alikuwa kwa mlango hakuniangalia hata mara moja, alienda tu akatoa waya wa maiki akasimama nao mkononi.

Baada ya sheria chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, andikeni kwa kitabu, mkajisajili kama kikundi ofisi ya huduma za jamii, mfungue akaunti ya watu watatu kuweka sahihi. Hii sehemu haina utamu, fanyeni muimalize.

Sasa nyumba. Gilman ilikuwa sehemu ya godauni kwa eneo la viwanda, na jirani wao wa ukuta alikuwa duka la kusuka viti. Hiyo ndiyo picha ya kubeba ukitembea kutafuta, jirani ambaye anafunga kazi jioni ama kazi yake pia ina kelele. Sisi tumepakana na fundi wa sofa. Yeye anapiga misumari mpaka saa saba Jumamosi, halafu anafunga na sisi tunaanza saa nane, na tumeelewana vizuri sana. Usichukue chumba kwa ploti ya watu kulala, hata kama keateka amekubali, juu keateka si yule mama ana mtoto mchanga nyumba namba sita. Chumba chetu cha kwanza tulitolewa baada ya shoo mbili na kusema ukweli hao majirani walikuwa na haki.

Angalia vitu vinne. Mlango wa pili, uwe unafunguka kwenda nje na uwe haujafungwa kufuli wakati watu wako ndani, kama hakuna, ondoka, hata kama kodi ni ya bure. Choo kinachofanya kazi. Umbali kutoka steji ya matatu. Halafu paa. Mabati bila dari ni shida mara mbili, mvua ya Aprili ikianza hamsikii gita, na siku ya jua chumba cha watu themanini kinakuwa tanuri. Tulipiga dari ya plaiwudi sehemu ya mbele tu na ikasaidia.

Kuhusu kuzuia sauti, watu watakuambia trei za mayai. Trei za mayai hazizuii kitu, zinapunguza kidogo mwangwi wa zile sauti kali na zinashika moto haraka sana, msiweke. Sauti inatoka nje kupitia mianya kwanza, halafu kupitia vitu vyepesi. Kwa hivyo ingia ndani mchana, funga mlango, zima taa, na kila mahali unaona mwangaza hapo ndipo sauti itatokea. Kwa nyumba zetu ni pale ukuta unakutana na mabati, na chini ya mlango. Sisi tulijaza magunia na vipande vya nguo kutoka kwa mafundi wa cherehani sokoni, tukayabana hapo juu, mlango tukauongezea plaiwudi na mpira wa tyubu ya baiskeli kando kando. Dramu zikae juu ya zulia zito na mbao chini yake, zisikalie simiti. Lakini acheni hewa, pande mbili zinazotazamana, chumba kisichopumua kitaangusha mtu.

Stima ndio mahali nataka unisikize vizuri juu ndio ilikuwa karibu kunimaliza. Shoo yetu ya tatu, nimeshika gita, nimesogea kwa maiki kuimba, mdomo ukagusa ule wavu na nikahisi kama nimepigwa kofi na chuma, meno yote, na mkono wa kushoto ukafungana kwa nyuzi. Nilibahatika nilianguka nyuma na gita ikatoka kwa amplifaya. Shida ilikuwa ekstensheni, pini ya ati, ile ya kupeleka stima ardhini ikivuja, ilikuwa hapo kwa plagi lakini ndani waya haukuwa umeunganishwa, kwa hivyo amplifaya ya gita haikuwa na ati na mikisa ilikuwa nayo, na mimi nikawa ndio waya kati yao. Tangu siku hiyo hakuna ekstensheni inaingia kabla fundi wa stima hajaipima na mita, na tumezitia alama ya rangi nyekundu zile zimepita. Muambie pia aweke ile swichi ya kukata stima ikivuja. Vyombo vyote vya sauti vitoke kwa soketi za laini moja, itapunguza pia ule mngurumo wa mmm unaosikia kwa spika, na taa na feni ziwe laini nyingine. Mtu akikuambia kata pini ya ati ndio mngurumo uishe, mtoe nje. Na nunueni tokeni Ijumaa.

Vyombo havihitaji kuwa vingi. Kwa chumba cha watu themanini unachohitaji kupitisha kwa spika kubwa ni sauti ya mwimbaji peke yake, dramu zinatosha zenyewe na amplifaya za gita zinatosha zenyewe, kazi yenu ni kuwaambia wapiga gita washushe sauti. Spika za mbele zikae mbele ya maiki, zikiangalia watu, zikiwa nyuma yake maiki italia mluzi siku nzima. Na hapa nataka kusema kitu kuhusu makanisa, juu wapiga dramu wengi nawajua mji huu wamejifunzia kanisani, na besi pia, na kanisa ndilo lina vyombo vinakaa bure kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Msiende kuomba kwa ujanja. Sisi tulienda kwa mchungaji tukiwa watano pamoja na yule kijana wake wa dramu, tukamwambia, mchungaji, ni muziki wa kelele, hakuna pombe, hakuna matusi ya dini, tunamaliza saa kumi na mbili na nusu, na tutarudisha dramu Jumamosi hiyo hiyo usiku zikiwa zimefutwa. Akauliza maswali mengi, akaja mwenyewe shoo ya kwanza akasimama kando ya mlango na mikono nyuma. Mwezi uliofuata akatuongezea stendi mbili. Deni hilo tunalilipa kwa kuwaunganishia vyombo vyao wakiwa na mkutano wa nje.

Nunueni viziba masikio vya sponji na muviuze mlangoni kwa bei mliyonunua. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukipanda desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili, kwa hivyo ukifika 100 umebaki na dakika kumi na tano tu. Dramu ndani ya chumba kidogo inapita hapo bila kutoa jasho.

Kwa nini mchana na kwa nini bila pombe. Huko New York kulikuwa na mahali panaitwa ABC No Rio, mtaa wa Rivington namba 156, jengo bovu bovu, na kuanzia mwanzo wa miaka ya tisini walikuwa na shoo za hardcore, ile panki ya haraka na kali zaidi, kila Jumamosi mchana, zinaendeshwa na kamati ya wanaojitolea, na bendi ya mashairi ya ubaguzi ama ya kudharau wanawake haikupewa nafasi. Mchana maana yake msichana wa fomu tatu anaweza kuja na akarudi mtaa wa Free Area ama London ya hapa Nakuru mapema jioni, mzazi wake anaweza kumleta, na hakuna mtu anatafuta matatu saa tano usiku na gita mgongoni. Bila pombe maana yake sheria ya pombe ya 2010, ile watu huita ya Mututho, haiwahusu nyinyi na mtoto wa chini ya miaka 18 anaingia kama mtu mwingine. Nimecheza kwa baa miaka sita na naweza kukuambia kwa baa muziki uko pale kuuza chupa, na yule mtoto aliyestahili kusikia hiyo bendi yuko nje ya geti. Karatasi zingine bado mnahitaji, nendeni kaunti mapema muulize kibali cha kelele na cha biashara, na kama mtapiga nyimbo za watu wengine mlipie leseni ya muziki. Barua ya majirani pelekeni kwa mkono, na mpige hodi kwa chifu na kwa kituo cha polisi kabla ya shoo ya kwanza, muwape namba ya simu ya mwenyekiti.

Mlango. Kadi yetu ni shilingi 100 kwa mwaka na kuingia ni 150. Kadi ni karatasi ngumu tumepiga muhuri, nyuma kuna zile sheria, na mtu akinunua mara ya kwanza yule wa mlangoni anamsomea kwa sauti, hata kama foleni ni ndefu. Watu wawili mlangoni, mmoja awe mwanamke, na wasiwe bauncha wa kukodi, wawe memba. Mtu akileta fujo wanaenda watu wanne wanamzunguka polepole wanaongea naye wakitembea kwenda nje. Sijui kama kuna mahali palifanya hii kazi kikamilifu. Hata Gilman, mwaka 1994 mwezi wa Mei, Jello Biafra aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya panki ya Dead Kennedys alipigwa humo ndani na watu waliokuwa wanamwita msaliti, mguu ukaumizwa vibaya. Sheria ya vita ilikuwa kwa ukuta. Nawaambia hii ndio mjue ukuta haushiki mtu, wanaoshika ni memba wanaotazama chumba badala ya kutazama bendi, na kila shoo sisi tuna watatu wa kazi hiyo, wamefunga kitambaa cha njano mkononi, wanabadilishana kila bendi ndio nao wasikose muziki.

Pesa zihesabiwe hapo hapo, mbele ya bendi zote, juu ya meza. Tuseme wamelipa watu 80 kwa 150, ni 12,000. Nauli ya bendi ya kutoka mbali inatoka kwanza, tuseme 3,500 kwa wale wa Kisumu wanne. Kodi ya siku 3,000, tokeni 500, fundi wa sauti 1,000. Imebaki 4,000, robo inaenda akiba, 3,000 inagawanywa bendi tatu. Ni kidogo, najua, lakini kila mtu ameiona kwa macho na hakuna mtu ataenda kulala akifikiria ameibiwa. Pesa za M-Pesa ziende kwa till ya kikundi, zisiende kwa simu ya mtu hata mara moja. Za kadi hazigawanywi, hizo ni za mabati, balbu na magunia.

Bendi msichague kwa jina. Bendi ya Operation Ivy walikuwa watoto wa hapo Gilman, walianza 1987 wakaisha Mei 1989, na shoo yao ya mwisho ya ukumbini ilikuwa humo humo, halafu wawili wao ndio wakaenda kuanzisha Rancid, bendi iliyokuja kujulikana sana. Hakuna mtu alikuwa anajua watafika huko. Kwetu kila shoo lazima kuwe na bendi moja ambayo haijawahi kupanda jukwaani popote, na ndiyo inafungua, na memba wote wanakuwa ndani wakati inapiga. Si lazima iwe gita tatu na kelele. Kijana mmoja alikuja na nyatiti yake ya nyuzi nane ameipitisha kwa amplifaya ya gita, akaipiga haraka vile hujawahi kusikia, na kale kachumba kalitetemeka mpaka rangi ikadondoka kwa dirisha. Hiyo kwangu ni panki kabisa.

Kila posta ya kutangaza shoo iwe na tarehe kamili na mwaka, na nakala moja iingie kwa faili ya katibu. Tengenezeni pia kijarida cha fotokopi, karatasi nne zimekunjwa, nani alicheza, nani anauza dramu, mashairi ya watu. Kitu kwa simu kinapotea simu ikipotea.

Halafu mpange kubadilishana kazi mapema, kabla mtu hajachoka. Septemba 1988, haijafika hata miaka miwili, Yohannan na wenzake waliifunga Gilman, walikuwa wamechoka, na wale vijana wa kujitolea wakajipanga wakaifungua tena wenyewe, na ndiyo hiyo ya pili imebeba miaka yote ya tisini mpaka leo. Yohannan alifariki Aprili 1998 na shoo ziliendelea. Green Day wenyewe walirudi kucheza humo Mei 2015, shoo ya kuchangisha pesa. Kwetu kila miezi sita aliyekuwa mlangoni anaenda kwa sauti, wa sauti anaenda kwa hazina, na anayeachia kazi anakaa na mpya shoo mbili nzima akimuonyesha. Mimi saa hii niko kwa kufagia.

Na kufagia kuna utaratibu wake. Watu wakitoka usiwashe taa zote mara moja, acha kwanza waage. Kunja nyaya moja moja kwa kuzungusha mkononi, usizikunje kwa kiwiko, zinavunjika ndani, na uzihesabu, sisi tuna kumi na nne. Futa dramu na kitambaa kikavu, zipakie kwa mkokoteni wa kwanza kwenda kanisani. Inua zulia, fagia chini yake, angalia magunia kama kuna lililoanguka, zima swichi kubwa, funga mlango wa nyuma halafu wa mbele, na ufunguo mpelekee fundi wa sofa nyumbani kwake, umwambie asante fundi, tumemaliza.